Nani Alimuona Barnaba?

Felista alikata roho hapa Sake asubuhi, chungu cha maharagi kikiwa bado kwenye moto wake, na mikeka ya kilio ilikuwa haijamaliza kutandikwa Deo alipoingia uwanjani. Deo ni mtoto wa kaka yangu, na yeye njo mwenye redio yetu, ile yenye antena nyuma ya soko, ambayo watu wa hapa mpaka kule juu Masisi wanaifungua kila asubuhi wajue nani amezaa, nani amepoteza mbuzi, nani amefariki. Alinipa pole, akakaa kando yangu, akangoja nipanguse machozi. Kisha akaanza kuzungukazunguka na maneno, nikajua ana jambo. "Shangazi, nimekuja kwa mambo mbili," akasema. "Ya kwanza ni tangazo ya Mama Felista. Ya pili, usikasirike, ni historia ya redio. Tunataka kuiandika, na batu ba zamani banaanza kuisha." Nikamwangalia. "Banaisha wapi? Miye siko hapa? Ao unaniona niko njiani?" Wanawake waliokuwa karibu wakacheka, kile kicheko cha kilioni kinachofichwa ndani ya kitenge, na mimi nikapata kupumua kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Alikuwa na karatasi aliyokwisha kuianza. Inaanza na antena, inaendelea na jenereta, na Papa yangu yumo kwa jina tu. Nikamuuliza, "Kwa mulango ya studio yako kumeandikwa nini?" Akajibu mbio, maana anaupita kila siku: "Nani alimuona?" Vijana wake wanaosoma matangazo wanadhani ni maneno ya semina, kwamba yaliletwa na mwalimu fulani kutoka Goma. Ayi, semina! Maneno yale yalinitoa machozi mimi wakati mama yake Deo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nilimwambia azime kile kifaa chake cha kurekodi, kwa sababu siwezi kuongea na kitu kinachoniwashia taa nyekundu, na nikamuahidi kwamba nitaandika mwenyewe. Njo hii ninaandika. Mambo ya nani alizaa nani na tulitoka mlima gani atayapata kwa wengine. Mimi nitasema mwaka mmoja tu, mwaka ambao nilimuua Barnaba kwa mdomo wangu akiwa mzima.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, Wabelgiji wakiwa bado wenye nchi, na tulikaa Kashebere, pale mashamba ya Masisi yanapoisha na msitu wa Walikale unapoanza. Barabara ilipita mbele ya mlango wetu kiasi kwamba kamyo ya mizigo ikipita vikombe vilitikisika kabatini. Chumba cha mbele kilikuwa duka la Papa, chumvi, sabuni, mafuta ya taa, vitambaa, na kilikuwa na harufu ya hivyo vyote pamoja. Kwenye kona, juu ya meza iliyofunikwa kitambaa alichofuma Mama, ndipo ilipokaa redio. Mzungu mmoja wa shamba la kahawa alimwachia Papa aliporudi kwao: redio yenyewe, mikro ya kushika mkononi, na kipaza sauti kikubwa ambacho Papa alikifunga juu ya mti wa avoka mbele ya duka. Kipaza sauti hicho sisi tulikiita Mudomo. Vyote vilikula umeme wa batri ya kamyo, na batri zilikuwa mbili. Moja ikifanya kazi nyumbani, nyingine iko Sake inachajiwa, na madereva waliobadilishana nazo walikunywa chai kwetu bila kuulizwa neno.

Siku ya soko, jua likisha kupanda, Papa alifungua. Kwanza sauti ya mbali, habari za miji ambayo hakuna aliyeijua, na nyimbo mbili. Kisha alifunga ile ya mbali ili batri isichoke, akashika mikro, na hapo njo watu walisogea. "Mama wa Nyamitaba aliyeacha kitunga kwa kamyo, kitunga iko hapa. Papa Zakaria anaita watoto wake waje kuvuna." Mudomo ulivuka bonde, wanawake waliokuwa wakilima mlima wa mbele walinyoosha migongo, wakasimama na majembe mkononi kusikiliza. Kulikuwa na wazee walioamini kwamba yule mtu wa mbali na Papa wanakaa ndani ya redio kwa zamu, na Papa hakuwakatalia sana, maana iliwafanya waheshimu. Lakini kwa habari za kifo alikuwa mgumu kama jiwe la kusagia. Mtu akija na habari ya msiba, Papa aliweka mikro chini na kuuliza, "Nani alimuona?" Kama hakuna aliyeuona mwili ao kaburi kwa macho yake, hakutangaza. Na kama yupo, bado hakutangaza mpaka mtu ametumwa kwa wafiwa, kwa sababu kwetu habari ya kifo haipigwi kelele. Unamkuta mwenye msiba nyumbani kwake, unamkalisha chini, unamshika, ndipo unasema.

Mwaka huo Papa alinipa mikro. Nilikuwa nimesoma kwa masista, najua kusoma bila kukwama, na sauti yangu, nitasema ukweli kwa sababu ni uzee na sina tena wa kumwonea haya, ilikuwa nzuri na nilijua ni nzuri. Nikienda kuchota maji vijana waliniita "Mama Redio", nami nilijifanya sisikii huku nikipunguza mwendo. Mama aliona. "Vene," alikuwa akiniambia tukichambua majani ya sombe jikoni, "hiyo kichwa yako itapita kwa paa." Mimi nilicheka tu. Papa akiwa safarini, niliachiwa salamu na vitu vilivyopotea, vifo, hapana. Vifo vilimngoja yeye.

Barnaba alikuwa jirani yetu, kijana mrefu mwenye meno yaliyoachana, na alikuwa amekwenda kuchimba mawe ya kampuni ndani kabisa ya msitu wa Walikale kwa kandarasi ya mwaka. Alimwacha mke wake mbichi, Felista, miezi michache tu baada ya ndoa ya padri. Felista alikuwa na miaka kama ishirini, nami nilimpenda kuliko dada zangu. Shamba lake lilikuwa mlima wa mbele, mkabala na Mudomo, na akishuka jioni alipitia kwetu, tukala pamoja bugali na mboga ya lengalenga, akinisuka nywele na kunicheka namna ninavyovuta maneno kwenye mikro. Alikuwa amepanda maharagi, na aliyahesabia siku. "Hii maharagi ikikauka, Barnaba iko hapa," alisema. "Ataikula yeye wa kwanza."

Sasa sikilizeni nilichofanya. Ilikuwa siku ya soko, Papa amekwenda Bweremana kununua samaki wakavu, na atapitia Sake kuchukua batri. Mvua ilikuwa inatisha. Kamyo ikatoka upande wa Walikale, ikasimama bila kuzima mashine, na dereva ambaye sikumjua akashusha sanduku la mbao mbele ya duka. "Ya Barnaba wa hapa Kashebere," akasema. "Mupatie bibi yake." Nikamuuliza, "Na yeye mwenyewe?" Akasema, "Miye nilipewa tu na mwenzangu pale kwa daraja, sijui kitu," akaondoka kabla barabara haijafungwa kwa ajili ya mvua. Juu ya sanduku kulikuwa na bulangeti iliyokunjwa vizuri, na juu ya bulangeti, vimefungwa kwa kamba, viatu vya Barnaba.

Msomaji wa leo hataelewa kwa nini tulinyamaza wote. Siku zile mtu aliyefia machimboni hakurudishwa. Vilirudishwa vitu vyake. Sanduku lililokuja peke yake, bila barua na bila salamu, tulikuwa tumekwisha kuyaona mawili kwenye barabara ile, na yote mawili yalikuwa kilio. Na viatu! Mwanaume wa kwetu aliyenunua viatu hakuvituma mbele, aliingia kijijini navyo, tena kwa kelele. Yohana, mdogo wake Barnaba, alikuwa sokoni. Akaja, akaona, akaweka mikono kichwani. "Kaka yangu," akasema, "kaka yangu bamenirudishia viatu." Akaanguka palepale matopeni. Wanawake wakaanza kulia. Mama akatoka jikoni na unga mikononi, akaniambia, "Ungoje Papa yako." Lakini watu walikuwa wamejaa mbele ya duka wananitazama, na mmoja akasema, "Tangaza, mutoto, batu bajue." Nilikuwa ninalia kweli. Na ndani ya kilio hicho, Mungu anisamehe, kulikuwa na kitu kingine kidogo kilichojua kwamba leo soko lote litanyamaza kwa sababu yangu. Nikashika mikro. Nikasema Barnaba amefariki kwa kazi, Walikale, na kwamba ndugu na jamaa wafike kilioni. Nililivuta jina lake vizuri.

Sikuwa nimefikiri Felista yuko wapi. Nilipoinua macho nilimuona mlima wa mbele, kitambaa chake chekundu cha kichwani katikati ya maharagi yenye maua. Alikuwa amesimama na jembe kama wengine walivyosimama kila siku ya soko kusikiliza. Kisha kile kitambaa chekundu kikashuka chini, na hakikuinuka.

Papa alirudi siku ya tatu, na samaki na batri, akakuta uwanja wa akina Barnaba umejaa watu. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Nililala chumba cha nyuma, ukuta wa mianzi na udongo, nikawasikia yeye na Mama jikoni. "Nani alimuona?" Papa akauliza. Mama akasema, "Hakuna. Kulikuwa viatu." Nilisikia kijiko kikizunguka ndani ya chungu. "Basi uitangaze kwamba ulikuwa uongo," Mama akasema. Na Papa akajibu kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Nani alimuona muzima, Mama Vene? Na hiyo vilevile hakuna. Siwezi kumufufua kwa mudomo kama vile mutoto alimuua kwa mudomo." Nililia ndani ya bulangeti, kwa sababu nilielewa kwamba kosa langu halina mlango wa kurudi nyuma.

Na Felista njo alikuwa analilipa. Walikwisha kumnyoa kichwa. Moto wa nyumba yake ulizimwa na majivu yakatupwa, kama inavyofanyika nyumba ya marehemu, naye akakalishwa kwenye majani ya migomba kwa mama mkwe. Wazee wa ukoo wakakata shauri kama desturi: maharagi yakisha kuvunwa yote, kilio kitaondolewa, na Felista ataingia nyumba ya Yohana, awe mke wake wa pili. Katekista alikataa, wazee wakamsikiliza kwa heshima na hawakubadili kitu. Yohana hakuwa mtu mbaya, alikuwa anamlilia kaka yake kwelikweli. Lakini Felista hakumtaka, na hakuna aliyemuuliza.

Soko lililofuata Papa aliniita. Nilidhani atanipokonya mikro mbele za watu, na ningefurahi. Kumbe alinipa, na kipande cha karatasi alichoandika mwenyewe. "Soma," akasema. "Soma yote, na usivute." Nikasoma: "Barnaba wa Kashebere tulimutangaza kuwa amefariki. Hakuna muntu alimuona. Kosa ni ya sisi. Kama kuko muntu alimuona Barnaba, muzima ao maiti, aje aseme. Madereva, muulize kwa barabara yote." Sauti yangu haikuwa nzuri siku hiyo. Na nilisoma hivyo kila siku ya soko, maneno yaleyale, wiki baada ya wiki. Watu walianza kutucheka. Walituita redio ya kuuliza. Yohana alikuja dukani amekasirika, akamwambia Papa kwamba tunamkataza kaka yake kulala kaburini, na Papa akamjibu, "Nionyeshe hiyo kaburi, nitanyamaza leo hii." Madereva walibeba lile swali pamoja na chumvi na batri, wakaliacha kwenye kila daraja.

Chakula cha Felista nilikipeleka mimi. Mama aliamua hivyo na sikuthubutu kubisha. Mara ya kwanza alipokea sahani bila kuniangalia. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu, kichwa chake kile kilichonyolewa kikiwa kimeinama juu ya bugali, akasema polepole, "Ulimuona?" Nikasema, "Hapana. Niliona viatu." Akala tonge moja, akatafuna, akameza. "Kiatu inakufa?" akauliza. Nikaanza kulia, naye akanikemea, "Acha kulia, si wewe njo mufiwa. Siku ya soko uulize kwa nguvu. Ile ya mwisho ulikuwa unaongea kama muntu iko na homa, hapa sikusikia muzuri." Hapo njo nilijua kwamba kwenye yale majani ya migomba hakuwa amekaa kumlilia Barnaba. Alikuwa anamngoja.

Maharagi yakakauka. Mfiwa anaruhusiwa kwenda shambani kwake, hivyo Felista alikwenda, nami nikamfuata. Sijawahi kuona mtu akivuna namna ile. Alichukua ganda moja, akalipindua, akalisikiliza karibu na sikio, akalirudisha. "Hii bado," akasema. Mimi nikachukua lingine. "Na hii?" "Bado vilevile." Mstari mmoja ulitumalizia siku mbili. Tulikuwa tunang'oa majani kwanza, tukayapanga. Tukachambua mawe shambani, mawe ambayo hayakuwa yanamsumbua mtu. Tulicheka, ndiyo, mjane aliyenyolewa na mimi niliyemfanya mjane, tulicheka mpaka tukashika matumbo, halafu mmoja wetu akikumbuka, tunanyamaza. Yohana alipanda kilima kuangalia. "Felista, hii maharagi inavunwa mwaka muzima?" Felista akamjibu kwa adabu zote, "Shemeji, iko na maji. Ikioza utakula nini?" Mvua zikasimama, jua likawaka, na hata uwongo ule ukakauka. Ikabaki mistari mitano. Ikabaki miwili. Siku ya soko ilipofika ulibaki mmoja, na mama mkwe alikuwa amekwisha kutwanga unga wa kuondoa kilio.

Asubuhi hiyo nilisoma swali letu kama kawaida. Sikuwa nimemaliza. Niliona watu wa upande wa Walikale wanasukumana, wengine wanakimbia, mwanamke mmoja amemwaga mihogo yake yote na haokoti. Barabarani alikuwa anakuja mtu mrefu, hana viatu, anaegemea fimbo na kuvuta mguu wa kushoto. Alikonda. Lakini alipofungua mdomo meno yalikuwa yaleyale yaliyoachana. "Batu bananikimbia," akasema, "miye nilikosa nini?" Papa alitoka dukani, akanyoosha mkono. "Simama hapohapo! Usikanyage uwanja ya muntu." Akamwangalia kutoka kichwani mpaka kwenye vumbi la miguu. Kisha akageukia watu wote, kama siku zote, na kuuliza, "Nani alimuona?" Hakuna aliyejibu, maana nusu walikuwa nyuma ya miti. Barnaba akatutazama, akafikiri, akainua mkono kama mtoto wa shule. "Papa Anselmi, ni miye mwenyewe. Nilijiona leo asubuhi kwa maji ya mutoni."

Kwanza alicheka Mama. Halafu soko zima lilipasuka, watu wakatoka nyuma ya miti, wanamgusa kwa vidole, wanapiga vigelegele, na Yohana akaja akamkumbatia kaka yake miguuni, analia chini kwa mara ya pili, sasa vumbini. Papa akanisukumia mikro. "Haya, mama. Sasa umutangaze." Nilishaiinua. Niliangalia mlima wa mbele, nikaona kile kitambaa chekundu kimesimama, kinasikiliza. Nikaweka mikro mezani. "Hapana, Papa," nikasema. "Naenda kwanza." Alinitazama, akaelewa, akafunga redio kwa mkono wake mwenyewe.

Nilikimbia. Nilishuka bonde, nikavuka maji bila kupandisha nguo, nikapanda ule mlima kwa mikono na magoti. Felista alikuwa kwenye mstari wa mwisho, maganda manne matano yamebaki. Aliona sura yangu akarudi nyuma. "Kaa chini," nikamwambia. "Vene, mbona soko inapiga kelele?" "Kaa chini kwanza." Akakaa juu ya rundo la maharagi. Nilipiga magoti, nikamshika mikono yote miwili, na pumzi haikunitosha, ilinibidi niseme mara mbili. "Nimemuona. Felista, nimemuona kwa macho yangu. Anavuta muguu, lakini iko muzima, iko mbele ya duka." Hakupiga kelele. Aliniangukia, tukalia juu ya yale maharagi mpaka mengine yakabingirika bondeni, na hakuna aliyeyafuata. Hakuna mzigo niliowahi kuutua mwepesi kama ule, hata watoto wangu wote saba sikuwazaa kwa raha ile.

Mengine yalisemwa jioni, tukila. Mtu aliyekwisha kuliliwa haingii kwa mlango, kwa hiyo wazee walitoboa ukuta wa nyuma, Barnaba akaogeshwa nje, akapitishwa pale kama mtoto anayezaliwa, analalamika kwamba wanamkwaruza. Felista akawasha moto mpya na kupika maharagi ya mstari wa mwisho, na Barnaba akala wa kwanza. Akatueleza huku kinywa kimejaa. Kandarasi iliisha, kamyo ilikubali mizigo na kukataa watu, akaamua kukata msitu kwa miguu apitie kwa mjomba wake. "Na viatu?" Papa akauliza, maana viatu vilimkaa kooni. Barnaba akashangaa. "Papa, munataka nikanyage matope ya musitu na viatu mupya? Nilivituma mbele nivivae dominika kwa kanisa." Kwa mjomba alijikata mguu na panga, kidonda kikamlaza wiki nyingi mahali ambapo hakuna kamyo wala redio. Akadhani nyumbani wanamngoja tu. Siku moja mwindaji akapita, amesikia kwa mwingine aliyesikia kwa dereva, akamwambia, "Kuko redio kule Kashebere inauliza kama kuko muntu alikuona." Barnaba akaomba fimbo. Papa akanimegea kipande chake cha samaki.

Redio ile ilikufa, ikazaliwa tena, mara mbili au tatu. Mudomo ulichukuliwa na wanajeshi. Kaka yangu alinunua vyombo vingine. Vita vikatushusha hapa Sake, mimi na Felista kwenye kamyo moja, wajane wawili sasa kweli. Na Deo akasimamisha antena yake. Hayo yaandikwe na yeye. Nilipomaliza kumsimulia haya pale kilioni, bila kile kifaa, alikuwa amekunja karatasi yake ndogondogo. "Basi twende, shangazi," akasema. "Tangazo ya Mama Felista utaisoma wewe."

Studio ni chumba kidogo chenye magodoro ukutani. Msichana anayesoma matangazo alinipa kiti, akanipa pole, na kwa haya nyingi, kwa sababu ni kazi yake na Deo alikuwa amesimama mlangoni, akaniuliza, "Mama, samahani. Nani alimuona?" Nikamuuliza mimi kwanza kama binti wa Felista, anayekaa Bweremana, amekwisha kukalishwa chini. Akasema mtu wa pikipiki aliyetumwa kwake hajapiga simu bado. Basi tukakaa. Tulikaa saa nzima, wimbo unafuata wimbo, na mimi nikawa namsikia Felista, wiki ile aliyokuwa anakwisha, ananivuta karibu na kitanda chake na kuninong'oneza, macho yanacheka, "Vene, safari hii ungoje nife kwanza." Simu ikaita. Binti amejua, amekaa, ameshikwa mkono. Msichana akawasha mikro, akanitazama, bado anangoja jibu lake.

"Miye," nikamwambia. "Nilimufunga macho kwa mukono hii. Na nilingoja."